VM imegoma kubuti kwa netiweki? Cheki tagi ya VLAN

Wazee, juzi nimekesha na seva huku Njiro, Arusha, VM (kompyuta pepe ndani ya seva) imegoma kabisa kubuti kwa PXE, yaani kuwaka kwa kuvuta OS kupitia netiweki, inatafuta DHCP (inayogawa IP) weee mpaka inakata tamaa, wakati kompyuta ya pembeni inabuti fresh tu. Sasa sikia, PXE ya VM kwa kawaida inatuma paketi bila tagi (namba inayoonyesha paketi ni ya VLAN gani, yaani kigawanyo kipi cha netiweki), kwa hiyo ukipanga kuweka tagi ndani ya OS umechelewa, OS yenyewe si bado haijapakiwa! Tagi iweke nje, kwenye kadi ya netiweki ya VM, mfano Proxmox (programu ya kuendesha VM) kuna sehemu ya kujaza namba, kama VLAN yako ni 20 jaza 20. Wa ESXi (ya VMware, kazi ileile) weka kwenye kundi la poti (port group), ila sio 4095, hiyo inamwachia VM ajitagie mwenyewe na hapo hawezi. Bado? Kwenye hosti ya Proxmox (seva inayobeba VM) piga hii uone paketi za DHCP zikipita (eno1 badilisha iwe kadi yako):

tcpdump -e -ni eno1 vlan 20 and port 67

Kama ombi linatoka ila jibu halirudi, angalia swichi, au DHCP iko VLAN nyingine na hakuna rilei (ya kupitisha maombi kati ya VLAN). Ikipata IP alafu ikakwama, hapo fuata TFTP (inayoleta faili la kubuti), poti 69. Mimi nilikuta tranki ya swichi (poti inayobeba VLAN nyingi) hairuhusu VLAN 20, masaa manne yote yale na chai imepoa.