Somo: Kupima ufanisi wa ufundishaji wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya umma

Mhitimu hana bei sokoni, kwa hiyo faida haiwezi kuwa kipimo. Badala yake hutumika uchanganuzi wa bahasha ya data, mbinu ya Charnes, Cooper na Rhodes ya mwaka 1978: kila chuo hupimwa dhidi ya vile vinavyotoa matokeo mengi zaidi kwa rasilimali zilezile.

1. Chagua rasilimali chache. Wahadhiri na matumizi yasiyo ya mishahara yanatosha. Ukiweka wahadhiri pamoja na bajeti nzima, mishahara inahesabiwa mara mbili.

2. Hesabu muda, si vichwa. Ikiwa mzigo kamili ni saa 12 kwa wiki, anayefundisha saa 6 ni 0.5. Kisha ondoa muda wa utafiti na wa uzamili. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika: chuo chenye watafiti wengi huonekana kizembe, kumbe sehemu kubwa ya muda wa wahadhiri wake haikuwa ya shahada ya kwanza kabisa. Bila takwimu za mgawanyo huo, ni heri usichapishe alama.

3. Kwa matokeo, chukua wahitimu na krediti zilizofaulu. Idadi ya waliosajiliwa hukipa chuo sifa kwa kujaza madarasa tu.

4. Oanisha miaka. Waliohitimu 2024 katika programu ya miaka minne walitumia rasilimali za 2020/21 hadi 2023/24. Tumia wastani wake.

5. Piga hesabu. Chuo A: wahitimu 900, wahadhiri 150, yaani 6 kwa mmoja. Chuo B: 1,000 kwa 200, yaani 5. Kama A ndicho bora, kinapata 1, alama ya juu kabisa, na B kinapata 5/6, au 0.83. Vigezo (yaani rasilimali na matokeo) vikizidi, tumia programu ya kompyuta.

Maswali ya wanachama

*Nina vyuo 8, rasilimali 2 na matokeo 2. Karibu vyote vimepata 1. Nimekosea wapi?*
Vyuo ni vichache, ndugu. Kwa kawaida visipungue mara tatu ya jumla ya vigezo. Kwako vigezo ni 4, kwa hiyo vinahitajika vyuo 12. Punguza vigezo.

*Mwalimu, chuo kikilegeza mitihani si kitapanda?*
Kitapanda, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Ongeza kipimo kisichosimamiwa na chuo chenyewe, kama mitihani ya bodi za taaluma, na uweke alama za kujiunga upande wa rasilimali.

*Uhandisi na sanaa vipimwe pamoja?*
Hapana. Maabara pekee hubadilisha gharama zote.