Kutoka Jeshi la Kudumu Kwenda la Akiba Marekani: Jinsi ya Kulinda Pensheni Yako

Wakenya wengi waliopata grinikadi wakajiunga na jeshi la Marekani hufika mwaka wa sita au wa nane wakataka kurudi uraiani. Mimi huwasaidia wao na familia zao hapa Nairobi kushughulikia makaratasi, na swali huwa ni lile lile: je, miaka yangu imepotea? Haijapotea, mradi uilinde kabla hujatia sahihi ya kutoka.

Hatua ya 1: Tenganisha miaka na pointi, yaani alama unazopata kwa siku za kazi, mazoezi na uanachama. Anayetimiza miaka 20 katika jeshi la kudumu hulipwa pensheni mara tu anapostaafu. Ukihamia jeshi la akiba, linalofanya mazoezi wikendi na siku chache kwa mwaka, kabla ya hapo, bado unahitaji miaka 20, lakini kila mwaka lazima ufikishe angalau pointi 50 ndipo uhesabike, na malipo kwa kawaida huanza ukiwa na umri wa miaka 60. Miaka 20 inakupa haki ya kulipwa. Kiasi utakacholipwa kinatokana na jumla ya pointi. Ukipata 49, pointi zako zinabaki lakini mwaka huo hauingii kwenye ile 20.

Hatua ya 2: Tafuta kikosi mapema. Mkataba wa kwanza una wajibu wa miaka 8 kwa jumla. Ukitoka kabla ya hapo bila kikosi, unawekwa kwenye IRR, yaani akiba isiyo na kikosi. Huko unapata pointi 15 za uanachama kwa mwaka, na usipofanya kozi wala kuitwa kazini, hufiki 50. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu hudhani miaka inasonga kumbe imesimama. Muone afisa wa akiba ukiwa bado kazini, uhamie moja kwa moja bila pengo.

Hatua ya 3: Jua mwaka wako unaanza lini. Hauanzi Januari. Unaanza tarehe uliyoingia jeshini, na ukiwa na pengo tarehe hiyo hubadilika. Tuseme uliingia tarehe 15 Juni, na miaka kadhaa baadaye unatoka jeshi la kudumu tarehe 31 Agosti. Tayari una siku 78 za mwaka wako mpya, na kila siku ya kazi ya kudumu ni pointi moja. Ukibaki kikosini, mwaka huo umeshapata pointi zake. Wa kuchunga ni unaofuata.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Wikendi moja ya mazoezi ina vipindi vinne, hivyo pointi nne. Wikendi 12 ni pointi 48, uanachama 15, na siku 15 za mazoezi ya mwaka ni 15 zaidi. Jumla 78.

Chukua mtu mwenye miaka 8 ya kudumu: pointi 2,922, pamoja na siku mbili za miaka mirefu. Ongeza miaka 12 ya akiba kwa 78, ambayo ni 936. Jumla ni 3,858. Gawanya kwa 360, upate miaka 10.72. Katika mfumo wa zamani unazidisha kwa asilimia 2.5, yaani asilimia 26.8 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 iliyo juu zaidi. Walioingia kuanzia Januari 2018 wako kwenye BRS, mfumo mpya wa pensheni, wanaozidisha kwa asilimia 2: wanapata asilimia 21.4, pamoja na pesa walizoweka kwenye TSP, mfuko wa uwekezaji wa kustaafu. Kwa wastani wa dola 6,000, hizo ni takriban dola 1,607 au 1,286 kwa mwezi.

Hatua ya 5: Kagua taarifa ya pointi kila mwaka. Ilinganishe na fomu ya DD 214, yaani cheti cha kutoka jeshi la kudumu, mstari kwa mstari. Siku za kazi ya kudumu ambazo hazikuingizwa ni rahisi kurekebisha ukiwa na amri zako mkononi. Miaka 15 baadaye ni kazi ngumu sana.

Hatua ya 6: Barua ya kukujulisha kwamba umetimiza miaka 20 ikifika, mketi na mwenzako. Una siku 90 za kuchagua kinga ya mjane au mgane, yaani malipo atakayopata mwenzako ukifariki. Ukiwa na ndoa na usichague chochote, unawekewa kinga kamili moja kwa moja. Ukitaka pungufu ya hapo, mwenzako lazima akubali kwa sahihi iliyothibitishwa. Aliyeko Nairobi anaweza kuomba miadi ya huduma hiyo katika ubalozi wa Marekani, Gigiri. Na kulipa mahari ushago hakutoshi: Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, na bila cheti ni vigumu kumwingiza mwenzako kwenye DEERS, daftari la jeshi la familia zinazostahili mafao. Anzeni na eCitizen.

Hatua ya 7: Hamia akiba ya wastaafu, usiombe kuachishwa kabisa. Anayeachishwa hukokotolewa kwa viwango vya mshahara vya siku aliyotoka. Anayebaki kwenye orodha ya wastaafu hutumia viwango vya wakati pensheni inapoanza. Kwa mtu aliyestaafu akiwa na miaka 42, tofauti ni kubwa.

Kama uliitwa vitani baada ya tarehe 28 Januari 2008, kila siku 90 zinazostahili hupunguza umri wa kulipwa kwa miezi mitatu, hadi 50. Si kila amri inastahili, hivyo soma kifungu cha sheria kilichotajwa juu yake. Pensheni yenyewe haiji bila kuombwa: jaza fomu ya DD 108 miezi kadhaa kabla, na nakala ya kila karatasi iwe kwa mtu wa familia unayemwamini.