Somo: Kupanga eksoskopu ya 3D kabla fuvu halijafunguliwa

Habarini wenzangu wa vyumba vya upasuaji, Mtwara na Lindi.

Kwanza tusichanganye majina. Endoskopu huingizwa ndani ya mwili. Eksoskopu haiingii popote: ni kamera inayoning'inia juu ya jeraha, kwa aina nyingi sentimita 20 hadi 50 hivi, na picha yake inatokea kwenye skrini kubwa. Aliyevaa miwani ya 3D ya mashine hiyo anaona kina, yaani mshipa upi uko juu na upi umejificha chini. Daktari haegemezi tena macho kwenye lenzi za hadubini saa tano mfululizo, shingo imepinda. Anatazama mbele.

Wagonjwa wetu wenye uvimbe wa ubongo bado wanapanda gari kwenda Dar es Salaam, mamia ya kilomita. Siku mashine hii ikifika kwetu, nataka itukute tunajua pa kuisimamisha.

Hatua ya 1: skrini. Hapa ndipo pa kutulia. Skrini, mara nyingi ya inchi 55, ikae mbele ya daktari, usawa wa macho yake, kama mita moja na nusu hadi mbili. Nikiwa mafunzoni niliwahi kuona imewekwa pembeni kwa sababu mashine ya usingizi ilitangulia kuchukua nafasi. Daktari alifanya kazi yote kiwiliwili kikitazama huku, shingo kule. Faida yote ya mashine ikapotea kwa kosa la kupanga chumba. Kwa hiyo kaeni na mtaalamu wa usingizi mkubaliane nafasi mgonjwa akiwa bado wodini. Ukikaa karibu mno na skrini, au chini yake sana, picha inagawanyika mbili na kichwa kinauma.

Msaidizi anayesimama upande wa pili apewe skrini yake, picha imegeuzwa kulingana na aliposimama. Asipopewa, akisogeza mkono kulia anauona unakwenda kushoto.

Hatua ya 2: kamera. Vesha mkono wa mashine mfuko wa plastiki usio na vijidudu, kisha elekeza kamera kwenye shashi nyeupe urekebishe rangi. Usiruke hili. Rangi ikikosewa, damu na ubongo vinakuwa vigumu kutofautisha. Acha pia nafasi ya kutosha chini ya kamera ili vifaa virefu visiigonge.

Hatua ya 3: miwani kwa kila mtu, pamoja na wewe unayempa daktari vifaa. Mimi hili ndilo lililonifanya niipende mashine hii. Unaona mshipa unaanza kuvuja wakati uleule daktari anapouona, na kifaa kiko mkononi mwako kabla hajakiomba.

Hatua ya 4: hadubini ya kawaida ibaki chumbani, imeshavishwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, Masasi: Mwalimu, kama hii ni bora, hadubini ya nini tena?
Jibu: Dada, sikusema ni bora kwa kila kazi. Kwenye shimo jembamba lenye kina kirefu, damu ikijaa, skrini inakuwa nyekundu tupu na kina hakisomeki vizuri. Baadhi ya madaktari hurudi kwenye hadubini hapohapo. Wasisubirishwe na mtu anayetafuta mfuko wa plastiki wa kuivisha.

Mwanafunzi wa udaktari, Lindi: Nimesikia uvimbe unaweza kung'aa. Kweli?
Jibu: Kweli, kama kamera ina kichujio chake. Mgonjwa hunywa dawa iitwayo 5-ALA saa chache kabla ya kupewa dawa ya usingizi, na chini ya mwanga wa buluu baadhi ya vivimbe vikali, hasa glioma (uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazotegemeza neva za ubongo), huwaka rangi ya waridi. Kazi ya muuguzi haiishii hapo: mgonjwa akingwe na jua na taa kali kwa angalau saa 24, ngozi yake isije ikaungua. Kwa jua letu la Lindi, funga mapazia ya wodi.

Muuguzi, Newala: Sisi hatuna mashine. Tuanzie wapi?
Jibu: Korosho, mwenzangu. Tundika simu juu kidogo ya meza, washa kamera itazame chini, kuza picha. Chukua korosho iliyobanguliwa na kukaushwa, umenye lile ganda jembamba la ndani kwa kibano, macho kwenye simu tu. Kina hutakiona, maana simu haina 3D, lakini mikono itazoea kufanya kazi mahali ambapo macho hayapo. Punje ikivunjika, chukua nyingine. Mimi niliharibu karibu kilo nzima kabla ya kumenya kumi mfululizo zikiwa zima.