Namna ya Kutazama na Kupiga Picha Jua Linapopatwa

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu kuanzia Hispania hadi Misri, Saudia na Yemen, na karibu na Luxor giza litadumu kwa zaidi ya dakika 6. Sisi tulioko Kenya na Tanzania tutaliona likifunikwa sehemu tu, kwa hiyo, bila giza hilo kamili, hakutakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu. Hata pete nyembamba ya Jua iliyoonekana kuzunguka Mwezi huko Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 ilitosha kuunguza jicho.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haihisi maumivu. Mtu huungua asijue, akaja kugundua saa kadhaa baadaye kwamba kila anachokikazia macho kina doa katikati. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, miwani ya kawaida ya jua na beseni la maji havifai, hata kama wazee wetu walivitumia. Tumia miwani iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia Jua, ISO 12312-2, au kioo cha kuchomelea namba 14, na ukikuta mkwaruzo au tundu, itupe. Asiye na miwani alipe Jua mgongo na kutazama chini ya mwembe, ambako kila upenyo kati ya majani huchora hilali ndogo ardhini. Watoto hulifurahia sana jambo hili.

Kwa kamera, darubini na hata simu, kichujio cha Jua hufungwa mbele ya lenzi, upande unaoelekea Jua, kikakazwa kisipeperushwe na upepo. Usivae miwani ya kupatwa kwa Jua kisha ukachungulia kwenye darubini isiyo na kichujio, kwa maana mwanga uliokusanywa huitoboa miwani na kufika jichoni papo hapo. Weka kamera kwenye stendi, zima flashi, rekebisha fokasi kwenye ukingo wa Jua kwa mkono badala ya kuiachia kamera, kisha anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na sekunde 1/500, ukiongeza muda kadiri hilali inavyopungua. Lenzi ya milimita 500 hulipa Jua upana wa milimita 4.5 hivi tu kwenye kihisio, yaani sehemu ya kamera inayopokea picha.

Utaratibu ni uleule sayari ya Zebaki itakapopita mbele ya Jua tarehe 13 Novemba 2032, ila sayari hiyo itakuwa nukta yenye upana wa takriban 1/190 ya Jua, hivyo miwani pekee haitaionyesha. Itahitajika darubini yenye kichujio mbele.