Namna ya kuisoma taarifa ya ustawi wa jamii kabla ya kikao cha kamati

Kwenye kabrasha la kamati ya huduma za jamii, madarasa, zahanati na visima huchukua kurasa nyingi. Mashauri ya watoto hupata ukurasa mmoja au miwili, tena mara nyingi mwishoni, wajumbe wakiwa wamechoka. Diwani anayetaka kuisimamia kazi hii aanze siku tatu au nne kabla ya kikao. Nguvu ya kisheria anayo: kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake, pamoja na kuwa na rejesta ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi zaidi.

Anza na hesabu. Omba namba nne: mashauri yaliyobaki wazi robo iliyopita, mapya, yaliyofungwa, na yaliyo wazi sasa. Tuseme yalibaki 41, yakaja 63, yakafungwa 52. Basi yaliyo wazi lazima yawe 52. Robo inayofuata ianze na 52 hiyo hiyo. Ikianza na 30, kuna mashauri 22 yaliyopotea njiani, na kila moja ni mtoto. Taarifa inayosema tu "mashauri 63 yalipokelewa na kushughulikiwa" haijasema kitu, kwa sababu hata barua ya wito iliyoandikwa na kusahaulika ni kushughulikia.

Kisha uliza kila shauri lilifungwa kwa sababu gani. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Shauri lililofungwa kwa sababu mtoto alitembelewa na kuthibitika yuko salama si sawa na lililofungwa kwa sababu familia imehama, au shahidi amekataa kufika mahakamani, au wazazi "wamemalizana nyumbani". Kumalizana nyumbani katika shauri la ubakaji ni kosa jingine juu ya kosa: mtuhumiwa hutoa fedha au ng'ombe, mtoto hubaki kijiji kimoja naye, na daftari huandika "limefungwa". Taka aina hii ya mashauri iandikwe katika safu yake yenyewe, kata kwa kata. Kata yenye mengi inahitaji mwenyekiti wa kijiji na mtendaji waulizwe ana kwa ana, maana maelewano hayo ni nadra kufanyika bila wao kujua.

Takwimu zigawanywe pia kwa aina. Mashauri ya matunzo, yaani ya mzazi asiyemhudumia mtoto, huwa mengi; yakichanganywa na ukatili wa kingono yanaufunika. Usishangae pia namba za Ustawi wa Jamii zikitofautiana na za Maendeleo ya Jamii, wanaoratibu MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto), au za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Polisi huhesabu yaliyofunguliwa jalada. Afisa ustawi huhesabu na yale yasiyo ya jinai. Tofauti peke yake si uongo. Cha kuuliza ni hiki: watoto waliofikishwa hospitali kwa ukatili wa kingono, wangapi wana jalada polisi, na wangapi wana faili kwa afisa ustawi?

Kwenye fedha, usiridhike na safu ya bajeti iliyoidhinishwa. Taka na iliyotolewa, iliyotumika, na chanzo chake. Kosa la kawaida ni fungu la mapato ya ndani kupitishwa na baraza, halafu mwaka unapita bila kutolewa, huku fedha za wadau zikiishia kwenye semina kwa sababu ndivyo mradi ulivyoandikwa. Matokeo yake afisa ana vyeti vya mafunzo lakini hana mafuta ya pikipiki. Fungu dogo linalookoa kesi ni nauli ya mtoto na mlezi kwenda mahakamani, na chakula cha mtoto aliyehifadhiwa kwa muda katika familia ya kuaminika. Lidai kwa jina lake mapema, kabla mapendekezo ya bajeti hayajafika barazani. Ukisubiri hadi Julai, mwaka wa fedha umeshaanza.

Ukitembelea makao ya watoto, nenda na afisa ustawi. Tazama leseni, na tarehe ya mwisho wake. Linganisha idadi ya watoto kwenye rejesta, vitanda, na watoto unaowaona. Omba kujua ni faili ngapi zina taarifa ya uchunguzi wa familia na mpango wa kumrudisha mtoto kwa ndugu. Mtoto aliyekaa miaka bila mpango huo amesahauliwa, hata kama anakula vizuri. Usipige picha za watoto wala usimtake yeyote asimulie yaliyompata. Kusimulia mbele ya wageni kunamuumiza upya, na kunaweza kuharibu ushahidi.

Siri ya mtoto ilindwe hata kikaoni. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, na jina la shule pamoja na kitongoji vinatosha kumtambulisha mtoto. Tumia namba za mafaili. Kamati ikitaka kupima ubora wa kazi, mwenyekiti achague namba tano mwenyewe (asiachie idara ichague), kisha aletewe muhtasari wa tarehe tu: taarifa ilipopokelewa, mtoto alipotembelewa, hatua ya mwisho. Diwani ambaye mtuhumiwa ni ndugu yake atangaze maslahi na atoke.

Azimio liwe na mhusika, tarehe na ushahidi. "Idara iongeze juhudi" halifuatiliki. "Mkurugenzi atoe fungu la nauli za mashahidi kabla ya tarehe 15 Novemba na alete hati ya malipo" linafuatilika, na litarudi kwenye yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maazimio yaliyopita, ya kikao kijacho.

Huko kwenye kata, diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Omba muhtasari wa kikao cha mwisho cha kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, na uhakikishe namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto inayopigwa bila malipo, imebandikwa kila shule, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuisoma.