Wimbo mmoja, mswaki mmoja

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako anapiga mswaki sekunde kumi kisha anakimbilia kitandani, jaribu hili. Meno yanahitaji dakika 2, na wimbo wa Bongo Fleva kwa kawaida huenda dakika 3 hivi. Mwache achague anaoupenda, washa kwenye simu, na mswaki usitoke mdomoni mpaka kiitikio cha pili kiishe. Kwangu, binti wa miaka 5 sasa ndiye anayeniita: "Mama, weka wimbo wangu!" Anapanda kigoda mbele ya kioo, povu linamtiririka hadi kwenye kiwiko, kiuno kinacheza. Naipenda mno saa hiyo.

Dawa ya meno iwe kidogo, kama punje ya njegere. Kwa aliye chini ya miaka 3, kama punje ya mchele. Akimaliza ateme povu bila kusukutua, ili floridi, madini ya kwenye dawa yanayolinda meno yasioze, ibaki kwenye meno. Magego ya nyuma mmalizie wewe, mkono wake bado haufiki vizuri. Wimbo nao sikiliza kwanza ukiwa peke yako, maana mashairi mengine hayamfai mtoto.