Namna ya Kutunga Shairi la Kumkumbuka Marehemu

Kabla ya kushughulikia vina na mizani, andika kwa nathari jambo moja dogo ambalo marehemu pekee alilifanya, kama vile alivyokohoa kabla ya kubisha hodi, kwa sababu sifa za jumla humfaa kila marehemu na hivyo hazimkumbuki yeyote. Taja kifo kwa jina lake angalau mara moja. Tafsida kama "ametutoka" hupoza uchungu, lakini zikirundikwa huonekana kukwepa. Kukubali kifo kusitangazwe, bali kudhihirike katika jinsi nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, inavyomtaja marehemu: beti za mwanzo zimsemeshe marehemu, za mwisho zimzungumzie kama asiyekuwapo. Ukitunga wimbo, kibwagizo kisibadilike, maana waombolezaji huweza kukipokea hata wanaposhindwa kusema lolote jingine.